Nishani ya Wasio Mabaharia

Nishani ya kwanza niliyoishika mkononi ilitoka ndani ya soksi.

Ilikuwa Wete, miaka michache kabla ya vita vya pili, dukani kwa ami yangu, mdogo wake baba, aliyekuwa fundi wa kanzu. Mzungu mmoja mwenye ndevu za kijivu alikuwa ametia nanga bandarini na mashua yake ndogo, peke yake, tanga lake kubwa limechanika kutoka juu mpaka chini. Aliuliza mshona matanga, akaambiwa wote wamesafiri na vyombo, ndipo akaletwa kwa mshona kanzu. Ami alilitandaza tanga uani, akalizunguka akichechemea, akaniambia, "Muulize, kanzu hii ya jitu gani?"

Mimi nilikuwa na miaka ishirini, nimemaliza sekondari Unguja na nangojea kazi ya ukarani. Kwa hiyo nikawa mkalimani wao. Ami alishona kwa siku nne, na kwa siku nne yule mzungu alikaa kwenye mkeka akinywa kahawa na kutazama sindano. Alikuwa mng'oa meno kwao, maisha yake yote. Alipostaafu alinunua mashua na tangu hapo alikuwa amevuka bahari kuu tatu.

"Anauza nini?" ami aliuliza.

"Hauzi kitu."

"Basi ananunua nini?"

"Hanunui."

"Subhanallah. Na mkewe anajua?"

Mzungu alicheka mpaka kahawa ikamwagika, kisha akaenda mashuani na kurudi na ile soksi. Alitoa kipande cha shaba cha mviringo, upande mmoja kimechorwa chombo chenye matanga. Kwao, alisema, kuna chama cha watu wanaopenda kusafiri kwa tanga. Kila mwaka humtuza mtu aliyevuka bahari kuu kwa chombo kidogo. Lakini sharti awe mtu ambaye bahari si kazi yake. Baharia wa kazi hapewi.

Ami aliiweka sindano chini. "Hebu rejea hapo pa mwisho."

Nikarejea. Baharia wa kazi hapewi.

Lazima nieleze kwa nini maneno hayo yalimwingia namna ile. Babu yangu alikuwa nahodha, na baba yangu nahodha baada yake, mwenye jahazi lililokwenda Tanga na Unguja na mbali zaidi. Ami alizaliwa na mguu mmoja mfupi. Alipofika umri wa kupandishwa chomboni, babu alimtazama akitembea ufukweni, akamshika mkono, akampeleka moja kwa moja kwa fundi cherahani. Hakuna aliyemdhulumu, ufundi ulimpa nyumba na heshima. Lakini miaka thelathini alishona kanzu za manahodha huku akiwasikiliza wakisimulia, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza kama angependa kwenda. Jioni alikuwa na mashua kuukuu aliyoitengeneza kwa mikono yake, akiizungusha ndani ya ghuba, na watu waliiita "cherahani ya fundi".

Sasa anaambiwa kuna watu duniani waliotengeneza nishani kwa ajili ya mtu kama yeye, si baba, si babu.

Akauliza masharti. Mzungu akayataja, nami nikayafasiri moja moja: chombo kiwe kidogo, mwenyewe akiongoze, asafiri siku kadhaa bila kuona nchi kavu, aandike kitabu cha safari kila siku, na asibebe shehena ya watu wengine. Kitabu apelekewe yeye mzungu, naye atakifikisha kwenye chama.

"Shehena ya nini mie?" ami alisema. "Mie sina biashara."

Hapo ndipo nilipokosea. Ningemuuliza mzungu shehena kwao ni nini hasa. Sikumuuliza.

Ami alichagua kwenda Ngazija, kisiwa kikubwa cha Komoro, tena kwa kukata bahari moja kwa moja, si kwa kuambaa pwani kama walivyofanya wengi. Baba alipata habari barazani, mbele ya watu, na hakupendezwa.

"Bahari haipimwi kwa utepe, yakhe," alisema.

"Kwani weye waipima kwa nini, kaka? Kwa tumbo?"

Baraza zima liliangua kicheko, kwa kuwa baba alikuwa mnene. Yeye hakucheka. "Na huo mguu?"

"Baharini kila mtu anachechemea," ami alijibu. "Mie nishazoea. Nyie ndio mnaojifunza mkishapanda."

Alihitaji mtu wa pili, nami nikajitolea. Sikuwa shujaa; kazi ya ukarani ilikuwa inachelewa, na tangu nitoke Unguja nilikuwa siwezi kukaa mahali pamoja. Sijaweza tangu hapo pia. Nimeishi Tanga, Mombasa, Dar es Salaam, Lamu na Mombasa tena, na kila nilipofungua sanduku nilijua nitalifunga.

Ami alishona tanga jipya la maradufu kwa mishono midogo ambayo ingefaa kanzu ya bwana harusi. Akanunua dira ya zamani. Akafungua daftari jipya, akaandika Bismillahi kwa herufi za Kiarabu, na chini yake kwa Kiswahili: Kitabu cha safari ya kwenda Ngazija. Kisha, kwenye koti lake jeusi la Idi, kifuani upande wa kushoto, akashona kitanzi kidogo cha uzi wa hariri. Nilikiona. Kilitosha kuning'iniza kipande kimoja cha shaba.

Tulikuwa tuondoke Jumamosi, upepo wa kaskazi ukiwa umetulia. Alhamisi ndipo amana zilipoanza kuja.

Mpemba anayesikia mtu anasafiri haulizi kama kuna nafasi. Analeta. Na anayesafiri hakatai, maana kukataa amana ni kumwambia jirani yako kwamba hustahiki kuaminiwa naye. Wete ilikuwa na nyumba nyingi zenye jamaa Ngazija, na wengine walikuja kutoka Mgogoni na mbali zaidi. Wakaleta barua, kofia za viua, kanga za mtoto mchanga, karafuu ndani ya mfuko, tasbihi ya marehemu iliyotakiwa irudi kwao. Mtu mmoja alileta ufunguo, na maelezo marefu kuhusu mlango. Ami alipokea kila kitu kwa mikono miwili na kukiandika katika lile daftari: kitu gani, kimetoka kwa nani, kinakwenda kwa nani, na maneno yaliyofuatana nacho.

Wa mwisho alikuwa Bi jirani yetu, mzaliwa wa Ngazija, akiwa na jogoo ndani ya tenga.

"Bi, huyu ana roho," ami alisema.

"Ndiyo maana nampa mtu, simtii posta. Dadaangu kule ana makoo ya kuku tu bila jogoo, mwaka wa pili huu hayaangui kitu. Huyu ni wa Wawi, mbegu ya Wawi unaijua weye. Usimpe maji ya chumvi. Na usimwache juani. Na usimwimbie, akizoea sauti ya mwanamume hawiki vizuri."

"Hajapata kuniomba mtu nisiimbe, Bi."

"Mie nimekaa ukuta mmoja na weye miaka kumi na miwili. Nakuomba."

Baba alikuja ufukweni siku ya kuondoka. Alitazama mashua, akatazama tenga, jogoo akamtazama yeye. "Yakhe, wenda kushindana na wazungu au wenda kupeleka jogoo?"

"Vyote viwili, kaka. Tuombee."

"Nawaombea," baba alisema kwa uzito, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba alikuwa anaogopa.

Siku ya pili Pemba ilizama nyuma yetu. Nilikuwa nimesafiri na majahazi, lakini sikupata kuwa mahali ambapo pande zote nne ni maji na wewe umekaa karibu nayo kiasi cha kunawa. Ami alikuwa mtulivu kuliko nilivyowahi kumwona dukani. Alikaa tezini, nyuma penye usukani, mguu mfupi ameukaza dhidi ya ubavu wa mashua kana kwamba mashua iliundwa kwa kipimo chake, dira mbele yake, na nyota ya Suheli ilipochomoza akailinganisha na dira na kutikisa kichwa kama anayekagua kola. Manahodha waliposimulia kwake kwa miaka thelathini hawakujua kwamba walikuwa wanafundisha. Hakusahau neno.

Siku ya nne upepo wa mvua ulitupiga na kuchana tanga karibu na kona. Baharia angelishusha. Ami alinipa usukani, akajifunga kamba kiunoni, akalishona likiwa bado linavuta, sindano meno­ni, maji yakimpiga usoni. Ilimchukua muda wa kusoma Yasini mara mbili. Najua, maana ndiyo niliyokuwa nasoma. Alipomaliza alikata uzi kwa meno akasema, "Tazama, mshono wa nje hauonekani." Bahari imetuinamia kama nyumba, na yeye anasifu mshono.

Kisha upepo ukafa. Siku tatu mashua ilikaa palepale, tanga linaning'inia, joto linatoka juu na chini. Pipa letu la maji lilikuwa limepata ufa katika ule upepo wa mvua, na tulipoligundua lilikuwa chini ya robo. Ami alianza kupima maji kwa kifuniko cha kopo: changu, chake, na cha jogoo.

Siku ya pili ya shwari, midomo imepasuka, nilisema nilichokuwa nakiwaza. "Ami, tukimchinja tutaokoa maji yake, na tutapata nguvu."

Hakukasirika. "Weye una haki ya maji yako, mwanangu. Jogoo ana haki ya maji yake, kwa kuwa Bi kamleta. Mie ndiye niliyechagua kuja, basi atakunywa yangu."

Na akamimina nusu ya kifuniko chake katika kigae cha maji kilichokuwa ndani ya tenga. Nilidhani atafanya mara moja ili kunifundisha. Alifanya hivyo mpaka upepo uliporudi. Kila siku alasiri alifungua daftari na kuandika mistari yake, nami nilisoma begani kwake: "Shwari. Tanga zima. Jogoo mzima." Usiku mmoja nilimsikia akianza kuimba taratibu, akakumbuka, akanyamaza.

Siku ya tisa tuliona wingu ambalo halikusogea, na wingu likawa mlima wa Ngazija. Tulipofika Moroni watu walitutaka tukae, tule, tulale. Ami alikunywa maji, akajifunga kikoi kikavu, akabeba tenga na mfuko wa amana, akaanza kutembea. Alichechemea mlango hadi mlango, na mimi nyuma yake, na kwenye kila mlango alifungua kitabu akasoma maneno kama alivyopewa. Kwenye mlango wa ufunguo alisimama mpaka aone umefunguka. Dada yake Bi alimtoa jogoo, akamgeuza, akamvuta bawa, akasema, "Amekonda." Ami aliinamisha kichwa, akaomba radhi. Yale maji hakuyataja. Nilitaka kupiga kelele.

Tulirudi na upepo wa kusi miezi miwili baadaye, safari rahisi, mashua imejaa amana za watu wa kule. Wete walitupokea vizuri. Hata wale wa barazani waliacha kusema cherahani. Baba alinikumbatia mimi. Ami, baba alimpa mkono tu, akasema, "Mmefika."

Sasa ikabaki kazi yangu. Kitabu kilitakiwa kwa Kiingereza. Nilikaa nacho majuma mawili, nikatafsiri pepo, dira, nyota, mshono wa siku ya nne. Lakini zile kurasa za mwanzo, za amana, zilinitia hofu. Asibebe shehena ya watu wengine. Niliwawazia wazee wa chama, wamekaa mezani kwao, wakifika kwenye ufunguo na tasbihi na jogoo. Nikaziruka. Nikaruka pia kila mahali palipoandikwa "Jogoo mzima". Bila vitu hivyo, kitabu kilikuwa safi na safari ilikuwa ya ajabu, na nilikuwa na hakika, kama nilivyo na hakika leo, kwamba nishani ilikuwa yake.

Ami aliniomba nimsomee nilichoandika, nikikirudisha Kiswahili. Nilisoma. Alisikiliza macho ameyafumba, mkono wake unasogea kidogo kidogo kana kwamba ameshika usukani. Nilipofika kwenye shwari aliyafumbua.

"Jogoo yuko wapi?"

"Nimefupisha, ami."

"Na barua? Na tasbihi?"

Nikamweleza. Nilimwambia kweli yote, sharti na hofu yangu, nikamwambia watamnyima. Nikasema hakuna mtu atakayedanganywa. Bahari tuliivuka, tanga alilishona. Ni kurasa tatu tu zinazobaki nyumbani.

Alitazama ukutani, lilipotundikwa koti la Idi.

"Mie naitaka," alisema. "Usidhani siitaki."

"Basi tuache hivi, ami."

"Kitabu hiki ni shahidi wangu. Jogoo akiwa hamo, basi jogoo amekwenda wapi? Mtu akija kukisoma atasema tulimla." Alijaribu kucheka. "Mwanangu, watu ishirini na tatu waliniamini siku ile. Sikupata kuaminiwa na watu ishirini na tatu kwa jambo la bahari maisha yangu yote. Halafu nikakane mie mwenyewe? Rejesha."

Nikarejesha. Niliandika kila kitu, mpaka maelezo ya mlango. Tukapeleka posta, na ami akarudi kwenye kanzu zake. Hakuitaja nishani tena, ila kila meli ya barua ilipofika Wete alikuwa na sababu ya kupita bandarini.

Jibu lilikuja mavuno ya karafuu yakikaribia kwisha. Bahasha ilikuwa nene, na nilipoigusa nikajua haina shaba ndani. Barua ya chama ilikuwa ya adabu. Walisifu uongozi wake wa chombo, wakasifu tanga lililoshonwa njiani, wakasema wachache miongoni mwao wangethubutu. Lakini kwa kuwa mashua ilibeba barua na vitu vya watu wengine, kanuni zao hazikuwaruhusu.

Ami alisikiliza mpaka mwisho. "Wamemtaja jogoo?"

"Wamemtaja."

"Basi wamekisoma."

Ndani kulikuwa na karatasi nyingine, ya yule mng'oa meno mwenyewe. Alisema alibishana nao akashindwa. Alisema kurasa zile tatu amezisoma mara nyingi kuliko zote. Na akaandika jambo ambalo nililifasiri polepole, maana sikutaka kulikosea: kwamba yeye amevuka bahari kuu tatu na kuingia bandari nyingi asizoweza kuzihesabu, na hakuna mtu, katika bandari yoyote, aliyewahi kumpa kitu cha kumpelekea mtu mwingine.

Ami alishusha miwani. "Hata barua moja?"

"Hakuna."

"Maskini," alisema, na alikuwa na huruma ya kweli. "Mtu mzima yule."

Kisha akasimama, akalitungua koti, akakaa karibu na mlango penye mwanga. Akakifumua kile kitanzi, uzi mmoja mmoja, kwa ncha ya sindano, bila kuharibu kitambaa. Nilitoka nje. Sikuweza kutazama.

Mwaka ule kaskazi iliporudi, ami alisema anakwenda Ngazija tena, na sasa hakuwa na chama cha kumwandikia. Alhamisi watu walijipanga barazani kama mara ya kwanza, wengi zaidi, na Bi alikuwa na malalamiko ya dadaake kuhusu ukondefu wa jogoo, pamoja na kuku wawili, mitetea, wa kuongeza. Ami alikuwa ameinama juu ya daftari jipya, anaandika, alipoona kivuli kikubwa kimesimama mbele yake.

Alikuwa baba. Jahazi lake lilikuwa limekwisha pakiwa, nalo lilikuwa lipitie Ngazija juma lile lile. Wete nzima ilijua. Mikononi alikuwa na bati la halua limefungwa kwa kamba.

"La rafiki yangu pale Moroni," alisema. "Nyumba ya pili kutoka msikitini."

Ami alitazama bati, akamtazama kaka yake. "Chombo chako chaenda huko huko."

"Najua chombo changu chaenda wapi," baba alisema. "Nimekuja kwako."

Ami alilipokea kwa mikono miwili. Aliliweka chini, karibu na mguu wake, akabaki akilitazama, kalamu imelala juu ya daftari.

"Haya, andika," baba alisema, akivuta kiti. "Sitoki hapa mpaka nione umeniandika."